Maji ya Bahari si Dawa ya Kidonda

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya maji ya kisima, ya mto na ya bwawa. Tumesema yachemsheni. Tumesema choo kiwe mbali na kisima, na watoto wasioge katika bwawa lenye konokono wa kichocho. Huenda wasomaji wetu wa pwani wamekuwa wakisema moyoni kwamba masomo hayo ni ya watu wa bara. Leo tushuke pwani pamoja. Somo letu ni maji ya bahari, na maradhi ambayo mtu huweza kuyapata akiogelea, akivua au akifanya kazi ndani ya maji hayo huku ana jeraha mwilini.

Aliyekulia pwani anaijua imani hii. Mtoto akianguka akachubuka goti, mkubwa wake humwambia, "Nenda baharini ukaoshe, maji ya chumvi yatakikausha." Hata mimi niliambiwa hivyo. Nilikwenda, kidonda kikaniwasha kama pilipili, na baada ya siku chache kikapona. Ndiyo maana imani hii haifi. Vidonda vidogo vingi hupona vyenyewe, viwe vimetiwa maji ya bahari au havikutiwa, nasi huyapa maji sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Lakini vichache haviponi. Na miongoni mwa watu wenye vidonda hivyo vichache, wapo waliokatwa mguu, na wapo waliokufa kabla ya siku ya tatu kwisha.

CHUMVI INA NGUVU KIASI GANI?

Wazee wetu hawakusema upuuzi mtupu. Chumvi nyingi huzuia vijidudu kuzaana, ndiyo sababu papa mkavu hukaa muda mrefu bila kuoza. Lakini anayetengeneza papa humkandika chumvi kwa makonzi, kisha akamwanika juani siku kadhaa. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 tu katika kila lita. Hiyo haitoshi. Mvuvi yeyote ni shahidi: samaki aliyekufa baharini huoza humo humo baharini, na chumvi yote imemzunguka.

Wengine huuliza, mbona hospitali huosha vidonda kwa maji ya chumvi? Ni kweli huosha. Maji hayo yana gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani kiasi cha robo ya chumvi ya baharini. Chumvi hiyo haikutiwa ili kuua vijidudu. Imetiwa ili maji yafanane na maji ya mwilini, yasiiudhi nyama mbichi ya kidonda. Kinachokilinda kidonda ni kwamba maji yale yametengenezwa yakiwa hayana kijidudu hata kimoja. Huwezi kusema hivyo juu ya maji ya bahari, hata yawe maangavu kiasi cha kuonekana mchanga chini.

WAGENI NA WENYEJI

Vijidudu tunavyovizungumzia leo ni vile viitwavyo bakteria. Havionekani kwa macho bila ya darubini. Baharini bakteria wanaoleta maradhi tunaweza kuwagawa makundi mawili: wageni na wenyeji.

Wageni ni wale waliotoka nchi kavu. Wanatoka katika kinyesi cha watu na wanyama. Mvua ikinyesha, maji husomba uchafu wa mitaani na vyoo vilivyofurika, mito na mifereji ikaupeleka baharini. Mto Msimbazi hupita katikati ya jiji la Dar es Salaam na kumwaga maji yake karibu na Daraja la Salender, na kila kinachotupwa au kuvuja mabondeni humo mwisho wake ni huko. Vijijini nako hatuna budi kusema kweli: zipo fukwe ambazo alfajiri huwa ni choo, na saa nne asubuhi huwa ni uwanja wa watoto kuogelea.

Bakteria wageni hawa hawaishi muda mrefu baharini. Jua kali na chumvi huwapunguza, na mawimbi huwatawanya. Lakini siku moja mbili za uhai wao zinatosha kabisa kumdhuru mtoto anayemeza maji huku akicheza. Ndio waletao kuhara, kuhara damu na homa ya matumbo. Kwa hiyo, baada ya mvua kubwa ni vema kungoja siku mbili hadi tatu kabla ya kuogelea karibu na mlango wa mto au mfereji, na karibu na mji kungoja zaidi ikiwa maji bado yana rangi ya tope. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kupima usafi wa maji ya kuogelea, na katika maji ya bahari hupimwa kwa kuhesabu bakteria wa aina moja wanaokaa matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana wengi, kinyesi kimefika.

Wenyeji ni habari nyingine. Hawa hawakuletwa na mtu. Wamezaliwa baharini, chakula chao kiko baharini, na chumvi inayowaua wengine wao wanaihitaji ili waishi. Jamii yao kubwa inaitwa vibrio. Jina hilo si geni sana kwetu, maana kijidudu cha kipindupindu ni wa ukoo huo huo. Anayetuhusu leo ni ndugu yake, Vibrio vulnificus. Wataalamu wa Marekani walimweleza mwaka 1976, na baadaye akapewa jina hilo la Kilatini lenye maana ya mtia jeraha.

Huyu hapendi baridi. Huzaana vizuri maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi. Hapendi pia chumvi kali mno. Anastawi zaidi mahali maji ya bahari yanapochanganyika na maji ya mto, kama vile kwenye mikoko na milango ya mito. Katika nchi za baridi huwa na msimu wake, wa kiangazi. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji ya juu ya bahari huwa kati ya nyuzi 25 na 30 karibu mwaka mzima. Msomaji atajihesabia mwenyewe msimu wake kwetu ni miezi mingapi.

Njia zake za kuingia mwilini ni mbili. Ya kwanza ni kula chaza wabichi, jambo ambalo leo tunaligusa tu: wapikwe mpaka waive. Njia ya pili ni kidonda. Si lazima kiwe kikubwa. Mchubuko wa jana, mwiba wa samaki, mkato wa tumbawe au wa gamba la chaza, hata chale mpya ya mwilini, vyote ni mlango.

YALIYOTOKEA MAREKANI MWAKA 2005

Mwishoni mwa Agosti 2005 kimbunga kilichoitwa Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Bahari ilipanda nchi kavu, na watu wakapita katika maji hayo kuokoa roho zao na za jamaa zao. Wengi walikuwa na michubuko, au waliipata humo humo majini. Katika siku chache zilizofuata madaktari walihesabu watu 18 ambao vidonda vyao viliingiliwa na bakteria wa jamii ya vibrio. Watano kati yao walikufa. Wengi wa wale 18 walikuwa na maradhi mengine mwilini kabla ya kimbunga.

Tumetoa mfano huu kwa sababu nchi ile ina hospitali, maabara na dawa za kila aina, na bado ilikuwa hivyo. Wala si pwani za joto peke yake. Katika kiangazi cha joto kali cha mwaka 2014, watu wengi kuliko kawaida waliugua maambukizo ya vibrio huko Sweden na Finland, kando ya Bahari ya Baltiki, mahali ambapo kwa miezi mingi maji ni baridi ya kugandisha. Kadiri bahari za dunia zinavyopata joto, ndivyo vijidudu hivi vinavyopata nafasi.

NANI ATAHADHARI ZAIDI?

Mtu mwenye afya njema akiingia baharini na mchubuko, kwa kawaida hapatwi na jambo. Hatusemi haya ili watu waikimbie bahari. Bahari ndiyo shamba la watu wetu. Lakini wapo ambao kwao mchubuko ule ule ni hatari kubwa.

Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa ini. Ini likiharibika, damu hubaki na madini mengi ya chuma yaliyo huru, na bakteria huyu huyala madini hayo akazaana kwa kasi ya ajabu; na wakati huo huo askari wa mwili wamepungua nguvu. Ini huharibiwa na pombe kali ya miaka mingi, na homa ya ini, na kichocho cha tumbo. Wa pili ni wenye kisukari. Wengine ni wale ambao kinga ya mwili imeshuka kwa ugonjwa au kwa dawa wanazotumia, wenye ugonjwa wa figo, na wale wenye ugonjwa wa damu wanaoongezewa damu mara kwa mara.

Kuhusu kisukari inafaa tukae kidogo. Tuchukue mfano wa mama mkulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mama huyu hutembea juu ya mawe na magamba, akafunga mwani wake saa tatu au nne akiwa amezama mpaka magotini au kiunoni. Tuseme ana kisukari cha miaka kumi. Kisukari kimeua hisia za nyayo zake. Anakanyaga gamba la chaza, linamkata chini ya kidole, hasikii chochote. Anaendelea na kazi. Anarudi nyumbani, anapika, analala. Usiku anahisi baridi na kutetemeka, anadhani ni malaria, anameza vidonge vya malaria. Asubuhi mguu umevimba na una malengelenge, naye bado hajui kwamba alikatwa. Hapo saa kumi na mbili na zaidi zimekwisha kupotea, na hizo ndizo saa zilizokuwa na thamani.

Kwa hiyo mwenye kisukari anayefanya kazi baharini avae viatu vya plastiki vinavyofunika vidole, na kila atokapo majini aketi chini, ainue nyayo zake na kuzitazama zote mbili. Kama haoni vizuri, mtoto amtazamie. Kazi hii haichukui hata muda wa kuchemsha chai.

DALILI, NA HESABU YA SAA

Jipu la kawaida au kidonda cha kawaida kilichotunga usaha huchukua siku kadhaa kukua. Ugonjwa huu hauna subira hiyo. Mara nyingi huanza katika saa 24 baada ya kuingia majini, na pengine mapema zaidi.

Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na kidonda. Kidonda ni kidogo kama punje ya mchele, lakini mgonjwa analia. Kisha huja uvimbe unaopanda. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaotazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu wekundu huweza usionekane. Tazama badala yake ngozi iliyovutika na kung'aa, yenye moto ukiigusa, na inayogeuka kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Halafu hutokea malengelenge, na maji yake mara nyingi yana damu. Homa, kutetemeka, kutapika, na mgonjwa kuanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, ni ishara kwamba bakteria wameingia katika damu.

Ipo njia rahisi ya kujua kama uvimbe unakwenda. Chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka mwisho wa uvimbe, na uandike saa pembeni. Utazame tena baada ya saa moja au mbili. Ukiona umevuka mstari, safari ya hospitali ianze hapo hapo, iwe usiku au mchana. Na ikiwa mgonjwa ana mojawapo ya maradhi tuliyoyataja, au ana malengelenge ya damu au homa, asingoje mstari wala kalamu.

Kati ya watu watano wanaopatwa na Vibrio vulnificus, mmoja hufa, na wengine hufa siku moja au mbili tu tangu kuugua. Hospitali hutoa dawa mbili kwa pamoja, nyingi zikipitia kwenye mshipa, na mara nyingi daktari hulazimika kukata nyama iliyokwisha kufa ili kuokoa iliyo hai. Ndiyo maana vidonge vya kununua dukani haviwezi kazi hii. Mgonjwa au jamaa yake asiseme tu "ana kidonda." Aseme: "Alikuwa baharini jana jioni, akakatwa na gamba, na ana kisukari." Zahanati nyingi hazina maabara ya kuotesha vijidudu, na mganga asipoambiwa habari ya bahari anaweza kutibu jipu.

UKIUMIA BAHARINI

Toka majini. Osha kidonda kwa maji mengi baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yaliyo safi, pamoja na sabuni ya kawaida. Osha muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, na utoe mchanga na vipande vya tumbawe vilivyobaki. Mwiba unaotoka kwa urahisi utolewe. Uliozama ndani, au karibu na kiungo, uachiwe mganga. Kisha funika kwa kitambaa safi kikavu. Ukitaka maji ya chumvi ya kuoshea, tengeneza mwenyewe: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofura, acha yapoe.

Aliyechomwa na taa ana maumivu makali ya sumu. Atie mguu katika maji ya moto ambayo mtu mwingine ameyajaribu kwa mkono na kuyavumilia, yasiyounguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu yatapungua. Lakini maumivu kupungua si kidonda kupona. Mwiba wa taa huacha vipande ndani, na mgonjwa afike zahanati.

Wavuvi wanaokwenda dago wana shida yao, kwa kuwa zahanati iko mbali na upepo haungoji mtu. Hao nawashauri wachukue kipande cha sabuni na dumu dogo la maji baridi lisiloguswa kwa kupikia wala kunywa. Nahodha mwenye busara hataona kuwa ni mzigo.

Sasa yale ya kuacha. Wengi hufungua kidonge cha rangi mbili wakanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo hauwafikii bakteria walio ndani ya nyama, na juu hufanya gamba linalofunga uchafu ndani. Wengine hupaka mafuta ya taa, majivu au ugoro. Majivu na udongo vina hatari yao ya pekee, pepopunda. Kila mtu anayefanya kazi baharini aulize zahanati kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu.

Na mwenye kidonda kibichi akae nje ya maji ya bahari mpaka kifunge. Najua kwamba kwa mvuvi au mkulima wa mwani neno hili ni gumu, maana siku za bamvua hazirudi kesho. Asiyeweza kukaa, basi akifunike vizuri kwa plastiki isiyopitisha maji, na akitoka tu akioshe kwa sabuni.

MARADHI MENGINE MADOGO NA YA POLEPOLE

Sikio la mwogeleaji huuma hasa ukivuta ndewe. Maji yaliyobaki sikioni hulainisha ngozi, bakteria wakaingia. Inamisha kichwa maji yatoke, kausha kwa ncha ya kitambaa. Njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku hukwaruza na kuongeza ugonjwa. Hapa pia mwenye kisukari asikawie kumwona mganga.

Yupo pia binamu wa kijidudu cha kifua kikuu anayeishi majini na kwa samaki. Hana haraka. Wiki mbili, tatu au zaidi baada ya mchubuko hutokea kinundu kwenye kidole au mkono, kisichouma sana na kisichopona, pengine vikafuatana vingine kuelekea kiwikoni. Hakipendi joto la ndani ya mwili, ndiyo sababu hukaa mikononi na miguuni. Dawa zake humezwa kwa miezi. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wenye kinundu cha namna hii wamwambie mganga kazi yao, asije akakitibu kama upele.

KWA VIKUNDI VYA KUSOMA

Zungumzeni haya. Kijijini kwenu, mtu akiumia baharini usiku, chombo gani kitamfikisha hospitali, na nani ana ufunguo wake? Ni nani katika kikundi chenu aliyewahi kupimwa kisukari? Maji ya mfereji yanaingia baharini mahali gani, na watoto wanaogelea wapi? Mwenye kalamu ya wino achore mstari mkononi mwa jirani yake, kama mfano, aeleze angefanya nini iwapo uvimbe ungeuvuka.